Tuwatazame walimu wa Kiesperanto

Kuanzia tarehe 3 hadi 10 Agosti 2024, Arusha ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la 109 la Dunia la Kiesperanto. Makongamano hayo yalianza mwaka 1905 katika mji wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, yakakatizwa na vita vikuu viwili, yakarudi, na muda wote huo hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika mpaka yalipofika kwetu. Mtaani nilisikia watu wakiulizana hiyo ni dini gani mpya. Ni lugha tu, na miongoni mwa waliokuja walikuwamo walimu wake wengi. Hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni. Ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Nimewafundisha wamisionari, madaktari wa kujitolea, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ujerumani, na wakwe pia: watu waliooa au kuolewa huku, wanaotaka kuelewa kinachosemwa mezani siku ya sikukuu. Nikiwatazama wenzetu wa Kiesperanto walivyojipanga, naona wivu, na natamani wivu huu uwashike walimu wenzangu wote wa Kiswahili. Wao wanafundisha lugha isiyo na nchi, isiyo na jeshi, isiyo na fungu katika bajeti ya wizara yoyote. Sisi tunafundisha lugha inayotumika bungeni, mahakamani, sokoni na kwenye redio za nchi kadhaa. Lakini wao wana chama kimoja cha walimu kwa dunia nzima, wana mtihani wanaoutambua wote, wana jarida la wanaoanza kujifunza. Sisi tuko kila mwalimu na vitini vyake.

Chama hicho kinaitwa Internacia Ligo de Esperantistaj Instruistoj, yaani Ligi ya Kimataifa ya Walimu wa Kiesperanto, na wenyewe hukiita ILEI. Kilianzishwa mwaka 1949. Kwa anayejua yaliyowapata walimu wa lugha hiyo katika miaka iliyotangulia, mwaka huo una uzito wake, na nitayaeleza. Kwanza nieleze nilichokiona kwa macho yangu.

Wiki ile ya kongamano nilipata mwanafunzi wa jioni. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ulaya ya kati, mama aliyepita umri wa makamo, mwenye nywele fupi nyeupe na daftari la jalada gumu ambalo hakuliacha hata akienda kunawa mikono. Alitaka Kiswahili cha salamu na cha sokoni kabla hajapanda ndege. Alipojua kuwa nami ni mwalimu wa lugha, tulielewana kuwa somo la mwisho hatalilipia fedha. Badala yake atanionyesha anavyofundisha Kiesperanto.

Somo lilifanyika jikoni, kwenye nyumba ya wageni alikofikia, vyombo vya chakula cha jioni vikiwa bado mezani. Wanafunzi walikuwa mpishi, dada wawili wa usafi, mlinzi aliyeingia kunywa chai, na mimi. Hakuna aliyekuwa na daftari. Mama yule hakutoa utangulizi wowote, wala hakutueleza Kiesperanto ni nini. Alichukua ndizi, akaiinua, akasema: "Tio estas banano." Akaiweka chini. Akainua kikombe: "Tio estas taso." Akairudia ndizi na sasa akauliza: "Ĉu tio estas banano?" Akajijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa, "Jes!", kisha akanyanyua mikono yote miwili kama mwalimu wa kwaya ili tujibu kwa pamoja. Tukajibu. Halafu akainua kikombe na kuuliza kama hiyo ni ndizi. Mlinzi ndiye aliyewahi kuelewa. Alicheka kwanza, kisha akasema kwa sauti ya lindoni: "Ne!"

Ikaja sahani ya chumvi, likaja yai, ikaja ndizi kubwa na ndizi ndogo. Mama yule hakutafsiri neno hata moja, na hakuna aliyehitaji tafsiri. Dada mmoja aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga tangu mwanzo alianza kujibu kabla ya wenzake. Hata nusu saa haijaisha, mpishi alichukua chumvi yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akamgeukia mlinzi na kumuuliza kwa Kiesperanto kama hiyo ni ndizi. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshangaa. Ninao wanafunzi ambao wamekaa nami wiki nzima hawajawahi kuniuliza swali kwa Kiswahili pasipo kulazimishwa. Huyu mpishi alikuwa ameuliza, tena kwa lugha ambayo saa moja nyuma hakujua kama ipo.

Baadaye, tukitembea kuelekea barabarani, nilimuuliza alijifunza wapi kufundisha hivyo. Alinijibu kuwa hakubuni chochote. Maneno gani yatangulie, lini swali liingie, lini mwanafunzi aruhusiwe kuandika, hata ule wakati wa kuchekesha, vyote alivipokea kutoka kwa mwalimu wake, naye mwalimu wake kutoka kwa mwingine, mpaka unafika kwa padri mmoja wa Transylvania.

Padri huyo ni Andreo Cseh. Mwaka 1920, katika mji wa Sibiu, alipewa darasa la wafanyakazi ambao lugha zao za nyumbani zilikuwa Kiromania, Kihungaria na Kijerumani. Fedha za vitabu hazikuwapo. Akieleza kwa Kihungaria, Mromania anaachwa nje. Akieleza kwa Kijerumani, Mhungaria ananung'unika. Akaamua kufundisha Kiesperanto kwa Kiesperanto, kwa vitu vilivyomo chumbani, kwa majibu ya pamoja ili mwenye haya asionekane, na kwa vicheko ili mchovu asisinzie. Njia hiyo ilienea Ulaya, na mwaka 1930 ikaanzishwa taasisi huko Uholanzi iliyobeba jina la Cseh, ambayo kazi yake ilikuwa kuandaa walimu wa kuifuata.

Walimu wa Kiswahili kwa wageni mnaijua hali ya Sibiu. Nimewahi kuwa na Mkorea, Mwitaliano na Mnorwe kwenye meza moja. Kuwaeleza ngeli kwa Kiingereza ni kumwadhibu Mkorea mara mbili, kwa sababu anajifunza lugha ngeni kupitia lugha nyingine ngeni. Hata hivyo, nenda kwenye madarasa yetu mengi usikilize: mwalimu anaongea Kiingereza saa nzima kuhusu Kiswahili, na mwanafunzi anatoka na jedwali zuri la viambishi ambalo halimsaidii kununua nyanya. Hatujakosa vipaji. Wapo walimu Zanzibar, Iringa na Mombasa ambao nikiwaona darasani navua kofia. Tatizo ni kwamba mwalimu hodari akistaafu anaondoka na uhodari wake, kwa sababu hakuna mahali ambapo ungewekwa ukapokelewa na wengine.

Sasa nirudi kwenye historia, maana ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema kwamba kwa Kiesperanto mwalimu ndiye aliyekuwa kila kitu.

Lugha hii ilitungwa na daktari wa macho, Ludwik Zamenhof, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1859 mjini Białystok, wakati huo chini ya dola ya Urusi, leo ndani ya Poland. Alikulia katika mji ambamo Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi waliishi wakitazamana kwa chuki, kila kundi na lugha yake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887, na sarufi yote aliiweka katika kanuni 16. Humo alitia fomu za ahadi: anayejaza anaahidi kuwa atajifunza lugha hiyo iwapo watu milioni 10 watakuwa wameahidi vivyo hivyo. Milioni 10 hawakupatikana. Mwaka 1889 alipochapisha orodha ya kwanza ya anwani za waliojifunza, ilikuwa na majina 1,000.

Nimeitafakari sana orodha ile. Mtu mwingine angeona milioni 10 zimegeuka elfu moja, angefunga ofisi. Wale elfu moja walikaa na kufundisha majirani. Mwaka 1905 watu 688 walikutana Boulogne-sur-Mer, wengi wao wakisikia kwa mara ya kwanza lugha hiyo ikisemwa na mtu wa taifa jingine, na wakaelewana. Kila mmoja wao alikuwa amejifunza kwa kitabu, kwa barua, au kwa mwalimu wa kujitolea aliyekodi chumba cha jioni.

Na wapinzani wa lugha hiyo waliijua nguvu ya mwalimu kuliko hata wapenzi wake. Mwaka 1921, Nitobe Inazō, Mjapani aliyekuwa naibu katibu mkuu wa Shirikisho la Mataifa, alihudhuria kongamano lao la Prague na kuandika taarifa ya kuwasifu. Aprili 1922 walimu walikutana Geneva, katika makao ya Shirikisho lenyewe, kuzungumzia ufundishaji wa Kiesperanto shuleni. Ufaransa, ambayo lugha yake ndiyo iliyokuwa ikitamba katika diplomasia, ilijibu upesi: waziri wake wa elimu, Léon Bérard, alipiga marufuku Kiesperanto katika shule za serikali mwaka 1922. Mwaka 1935 serikali ya Hitler nayo ilikataza kisifundishwe shuleni, na mwaka uliofuata ikavifuta vyama vyake. Katika Muungano wa Kisovieti, mwaka 1937 na 1938, viongozi wa wasemaji wa Kiesperanto walikamatwa, na baadhi yao wakapigwa risasi, akiwamo Ernest Drezen aliyekuwa kinara wao.

Tazama walipoanzia kupiga. Bérard hakuhangaika na watunzi wa mashairi. Waziri wa Hitler aliyetoa amri ile ya 1935 naye alianza na darasa. Serikali zile mbili, zisizopatana katika jambo lolote, zilikubaliana kwamba ukimnyamazisha mwalimu umemaliza.

Binti mdogo wa Zamenhof, Lidia, alikuwa mwalimu wa njia ya Cseh. Alisomea sheria, lakini maisha yake aliyatoa kwa kufundisha, akihama kutoka nchi hadi nchi, Ufaransa akikaa miaka kadhaa. Mwaka 1937 alikwenda Marekani kufundisha. Wakuu wa uhamiaji walikataa kumwongezea muda, na mwishoni mwa 1938 akarudi Poland. Wajerumani waliingia Septemba 1939. Kaka yake Adam, ambaye naye alikuwa daktari wa macho kama baba yao, alipigwa risasi mwaka 1940. Lidia na dada yake Zofia waliuawa Treblinka mwaka 1942. Nikimfikiria Lidia, simwoni akiwa mtoto wa mtu maarufu. Namwona mwalimu mwenzangu anayebeba mkoba wa vifaa, anayefika mji asioujua, anayesubiri kuona leo watakuja wangapi.

Kuna mwingine ambaye wanafunzi wangu wasioona ningependa wamjue: Vasili Eroshenko, mzaliwa wa dola ya Urusi, kipofu tangu utotoni. Mwaka 1922 alialikwa Chuo Kikuu cha Peking kufundisha Kiesperanto, na akaishi nyumbani kwa mwandishi mashuhuri Lu Xun. Alivuka nchi ngapi bila macho, akitegemea kwamba katika kila mji kuna mtu mmoja atakayempokea stesheni na kuongea naye!

Kwa hiyo, walimu waliokutana kuunda ILEI mwaka 1949 walikuwa wakihesabu waliobaki. Walichokijenga ndicho ninachotaka tukichunguze kwa makini, kwa sababu hakina siri na hakihitaji utajiri.

Wanakutana kila mwaka, na kila mwaka katika nchi nyingine. Wana jarida la walimu lenyewe, la mambo ya darasani, Internacia Pedagogia Revuo. Wana jarida jingine, Juna Amiko, linalotoka tangu miaka ya 1970, kwa ajili ya wanafunzi wa shule na wanaoanza: hadithi fupi, michezo, barua, kwa lugha nyepesi ambayo mtu wa miezi michache anaimudu. Kwa miongo mingi wametahini pamoja na UEA, chama kikuu cha dunia chenye makao Rotterdam, hivi kwamba anayejifunza Brazili na anayejifunza Togo wanapimwa kwa kipimo kimoja. Tangu mwaka 2009 UEA, ikishirikiana na kituo cha mitihani cha Hungary, inatoa pia mtihani unaofuata ngazi za Baraza la Ulaya, zile zile zinazopima Kifaransa na Kijerumani. Mwalimu Mhungaria, Katalin Kováts, alianzisha mwaka 2001 ghala la zana za kufundishia mtandaoni, edukado.net, ambako mwalimu yeyote anachukua mazoezi, anaongeza yake, na anajifunza kufundisha. Na walimu wengi wa lugha hii hawalipwi. Wana kazi zao za mchana.

Afrika nayo imo. Lomé, Togo, ipo shule iliyopewa jina la Zamenhof. Burundi na Kongo wako wasemaji wa siku nyingi, na kwetu Bunda, mkoani Mara, watu wamekuwa wakijifunza miaka mingi kabla ya kongamano kuja Arusha. Hao hawakungoja mgeni wa mwaka 2024.

Tugeukie kwetu. Miaka ya karibuni Kiswahili kimepewa heshima juu ya heshima. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hakuna lugha nyingine ya Afrika iliyokuwa imepewa siku kama hiyo. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi. Afrika Kusini ilikubali kiwe somo la hiari shuleni. Nilishangilia kila habari, na kila mara nilijiuliza swali lile lile: watafundishwa na nani, kwa mtaala upi, na watapimwaje?

Wenzetu wa Kiesperanto nao walipata azimio lao la UNESCO, mjini Montevideo mwaka 1954, na jingine mjini Sofia mwaka 1985. Waliyatundika ukutani, wakarudi darasani. Hawakudhani azimio litafundisha mtu.

Niseme ninachokutana nacho mimi. Alinijia mwanafunzi akiwa na cheti cha ngazi ya juu kutoka taasisi moja ambayo sitaitaja. Nilimwomba anisimulie safari yake ya basi kutoka Dar es Salaam. Alijua ngeli zote, alijua hata majina ya kitaaluma ya ngeli hizo, lakini hakuweza kunieleza kwamba gari liliharibika tairi karibu na Korogwe na wakasaidiwa na watu wa lori. Mwaka huo huo alinijia mwingine aliyejifunzia Kigoma, sokoni na kanisani, bila cheti chochote. Huyu alinisimulia mpaka nikasahau kwamba tuko darasani. Chuo chake huko kwao kilimtaka alete ushahidi wa ngazi yake kwenye karatasi, na mimi sikuwa na karatasi ya kumpa ambayo wangeitambua. Wanafunzi huniuliza: Mwalimu, tufanye mtihani gani? Jibu langu siku zote ni kwamba inategemea unakwenda wapi. Mwalimu wa Kiesperanto halazimiki kujibu hivyo.

Wapo watakaosema nimechagua mfano wa walioshindwa: lugha ya Zamenhof ilitaka kuwa ya pili kwa kila mwanadamu, na haikuwa. Ni kweli haikuwa. Lakini lugha zilizotungwa kabla yake na baada yake ni nyingi, na karibu zote zimekufa na waliozitunga. Volapük ilikuwa na wafuasi wengi na vilabu Ulaya nzima miaka ya 1880, ikaporomoka kwa ugomvi wa viongozi wake kabla ya miaka kumi na tano kwisha. Kiesperanto kina zaidi ya karne na theluthi, na mpishi wa Arusha amekicheka na kukijibu jikoni kwake. Watakaosema kwamba maneno yake karibu yote ni ya Ulaya nao wana haki. Mwitaliano anakiingia kwa mlango wa mbele, sisi tunapitia nyuma, na nilimwambia hivyo mama yule bila kuficha. Hakubisha. Alisema ndiyo sababu mwalimu wa Afrika anatakiwa kuwa hodari kuliko yeye. Jibu hilo sijalisahau.

Na wapo watakaosema vyombo tunavyo. Tunavyo, na naviheshimu. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ipo tangu mwaka 1967, na huendesha mafunzo kwa wanaofundisha wageni. Ipo BAKIZA Zanzibar, ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kipo CHAKAMA cha Afrika Mashariki, kipo CHAUKIDU kinachowakutanisha wakuzaji wa Kiswahili duniani. Bayreuth, Ujerumani, wataalamu wa Kiswahili hukutana mwaka hadi mwaka. Lakini nenda kwenye makongamano mengi ya Kiswahili uone nani anapanda jukwaani. Ni profesa wa isimu, ni mhakiki wa riwaya, ni mgeni rasmi. Yule anayefundisha watu watatu barazani Bagamoyo, yule wa Lubumbashi anayefundisha wafanyakazi wa mashirika, yule wa Muscat anayewafundisha wajukuu wa Wazanzibari lugha ya bibi zao, hawa hawana kiti. Hata nauli hawana. Na ndio wanaokutana na mgeni siku yake ya kwanza, pale anapoamua kama Kiswahili kitamwingia au hakitamwingia.

Ndiyo maana naomba ligi ya walimu, yenye jina lolote watakalolichagua wenyewe. Mlango wake uwe kufundisha, na asitakiwe mtu shahada ndipo aingie. Mwalimu aonyeshe somo lake mbele ya wenzake, wamsahihishe, naye awasahihishe. Masomo hayo yarekodiwe, ili uhodari wa mzee wa Pemba anayefundisha kwa hadithi umfikie kijana wa Kigali anayeanza kesho.

Ligi hiyo, pamoja na BAKITA na wenzao wa Kenya na Zanzibar, itunge mtihani wa ngazi, na kuzungumza kupewe alama nyingi. Mtahiniwa aeleze safari ya basi. Aombe punguzo. Atoe pole msibani kwa maneno yanayostahili, maana mgeni asiyejua kutoa pole hajui Kiswahili hata kama ana jedwali la ngeli kichwani. Wasimamizi wasiwe wa nchi moja, ili mtu wa Goma asipoteze alama kwa sababu Kiswahili chake kina ladha ya Goma.

Jarida la wanaoanza nalihitaji kuliko yote. Mwanafunzi wangu akimaliza vitini, mbele yake kuna vitabu vya picha vya watoto wa chekechea na nyuma yake kuna gazeti ambalo aya ya kwanza tu inamshinda. Mtu mzima wa miaka arobaini hataki kusoma habari za sungura na fisi mwaka mzima. Anataka habari ya bei ya mahindi, ya ligi kuu, ya harusi iliyoahirishwa, kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Kurasa nane kwa mwezi zinatosha. Waandishi tunao, na nusu ya kazi hiyo ningeifanya mimi mwenyewe usiku.

Mkutano uwe wa kila mwaka na uzunguke: Bujumbura, Mombasa, Lubumbashi, Muscat, Leipzig, Arusha. Usiwe na mgeni rasmi wa kusubiriwa hadi saa sita mchana. Asubuhi walimu wafundishe, mchana wazungumzie walichokiona.

Na ada. Hapa pia wenzetu wametangulia: mwanachama wa nchi tajiri hulipa zaidi, wa nchi maskini hulipa kidogo, na wote wana haki sawa. Napendekeza mwalimu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo aanze na kiasi cha shilingi elfu kumi za Tanzania kwa mwaka, na anayefundisha Ulaya, Marekani au Ghuba alipe mara tano yake. Siku ya Kiswahili ijayo, Julai 7, tayari kumbi zitakuwa zimekodiwa na viti vimepangwa. Ukumbi mmoja kati ya hizo wapewe walimu kwa siku moja, wachague katibu na mtunza hazina, na mimi nitafika na elfu kumi yangu mkononi.